Uzi: Kabaila wa Kijerumani aliyeruhusiwa na Papa kuwa na wake wawili, ni historia au chai?

#1 Mtoro wa Kijiwe

Wakuu, heshima kwenu.

Jana kijiweni ubishi ulikuwa wa mitala. Jamaa mmoja akadai hata Wakatoliki wa Ulaya ya zamani waliwahi kuruhusiwa, na kwamba yupo kabaila wa Kijerumani aliyepewa ruhusa na Papa mwenyewe akae na wake wawili. Nikamwambia hiyo chai, tena ya rangi. Nimerudi nyumbani nikatafuta, nikakuta hadithi ipo kweli na Wajerumani wameisimulia kwa karne kadhaa.

Iko hivi. Familia inaitwa von Gleichen, ya Thuringia, katikati ya Ujerumani. Walikuwa na cheo cha Graf, yaani bwana mwenye ardhi, ngome na watu wake. Mwaka 1227 Graf Ernst akaenda Vita vya Msalaba, akaacha mke na watoto wawili. Huko akatekwa, akafanywa mtumwa wa bustani ya Sultani. Binti wa Sultani akamwona analima, moyo ukamwenda. Akamwambia: nitakutorosha, ila unioe. Jamaa akasema kweli kwamba nyumbani ana mke. Binti akaona hilo si neno, kwao ni jambo la kawaida. Wakatoroka kwa merikebu hadi Venice, wakaenda Rome, Papa Gregory IX akambatiza binti na kuibariki ndoa ya pili.

Walipofika nyumbani, mke mkubwa badala ya kuwasha moto akamkumbatia mwenzake. Mahali walipokutana, chini ya ngome, pakaitwa Freudental, Bonde la Furaha. Wakaishi watatu, kitanda kimoja, wakazikwa kaburi moja. Na jiwe la kaburi lipo Erfurt mpaka leo.

Historia au hadithi? Na kama ni hadithi, aliyeitunga alitaka nini?

#2 Fundi Mninga

Mimi nauliza hicho kitanda. Sita kwa sita watu watatu, mmoja kati yao kabaila aliyelishwa nyama za mawindo? Chaga lazima zivunjike.

#3 Shangazi Kaja

"Mke mkubwa akamkumbatia mwenzake." Hapo tu nimejua aliyeandika ni mwanaume.

#4 Mbeba Boksi wa Thuringia

Mtoro, umenikuta nyumbani kabisa. Mimi naishi Erfurt, na hilo jiwe nimeliona kwa macho yangu kwenye kanisa kuu. Ni bamba la mawe lililochongwa karne ya 13, watu watatu wamesimama: mwanaume katikati, mwanamke kila upande. Ukiwa umeshaisikia hadithi unaona kila kitu kinakaa sawa. Ukiwa hujaisikia unaona mtu na wake zake wawili, basi.

Mwanzoni halikuwa pale. Lilikuwa kwenye kanisa la monasteri ya Mtakatifu Petro, juu ya kilima cha Petersberg hapahapa mjini. Monasteri ilifungwa 1803, na mwaka 1813 Waprusi walipowapiga mizinga Wafaransa waliojificha kilimani, kanisa likaungua. Baadaye ndipo jiwe likahamishiwa kanisa kuu.

Shida ni kwamba wataalamu wengi hawamtaji Ernst. Wanamtaja Lambert II wa Gleichen, aliyefariki 1227. Huyo alioa mara mbili, ila mmoja baada ya mwingine. Mke wa kwanza kafa, kaoa wa pili, na familia ikamchonga mume na wote wawili. Makaburi ya namna hiyo kwa makabaila hayakuwa ajabu.

Kwa hiyo hesabu yangu ni kwamba jiwe lilitangulia. Vizazi vikapita, watu wakasahau nani ni nani, wakawa wanapita mbele ya mwanaume mwenye wanawake wawili wanajiuliza: huyu ilikuwaje? Hadithi ikazaliwa kujibu swali.

#5 Kipara Ngoto

#4 umemaliza uzi. Mods fungeni.

#6 Mtoro wa Kijiwe

Hakuna kufunga. Mbeba Boksi, asante mkuu, lakini hujajibu yote. Watu wanaona jiwe, sawa. Kwa nini wasitunge hadithi rahisi ya mke aliyekufa, au dada, au mama na mwana? Sultani na Papa wameingiaje hapo?

#7 Seminari Nilikimbia

Niingie upande wa Papa, maana miaka minne ya seminari lazima inifae mahali.

Gregory IX alikuwa Papa 1227 hadi 1241, kwa hiyo tarehe zinabeba. Lakini huyu huyu ndiye aliyeamuru sheria za Kanisa zikusanywe kwenye kitabu kimoja, kikatoka 1234. Ndani yake kuna barua ya mtangulizi wake Innocent III ya mwaka 1201, iliyokwenda kwa askofu wa Tiberias, kulekule Nchi Takatifu. Swali lilikuwa hili hili: mtu asiye Mkristo mwenye wake kadhaa akibatizwa, afanyeje? Jibu: wake wengi ni kinyume cha imani ya Kikristo, abaki na wa kwanza. Sasa Papa aweke sheria hiyo kitabuni kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ampe Graf mmoja wa Thuringia ruhusa ya kinyume chake? Sioni.

La pili. Hadithi inasema Ernst aliondoka na mtawala wa Thuringia, Ludwig IV. Ludwig hakufika popote. Alikufa kwa homa Otranto, kusini mwa Italia, tarehe 11 Septemba 1227. Kaisari Frederick II aliyeongoza safari akarudi nyuma, Papa huyo huyo akamtenga na Kanisa. Frederick akaondoka tena 1228 akiwa bado ametengwa, na Februari 1229 akaipata Yerusalemu kwa mkataba na Sultani al-Kamil wa Misri, bila vita kubwa. Sasa Ernst alitekwa kwenye vita gani?

#8 Samaki wa Ziwa

Wueh! #7 ulikimbia seminari ama walikufukuza kwa kujua sana?

#9 Seminari Nilikimbia

Nilikimbia kwa sababu ya msichana mmoja wa kwaya. Mmoja tu, naomba ieleweke.

#10 Mjukuu wa Muheza

Habari zenu. Kawaida nasoma tu na kupita, leo #4 amenigusa.

Nyumbani kwetu Muheza sebuleni kuna picha ya babu, nyeusi na nyeupe, ilipigwa studio Tanga. Babu amekaa kwenye kiti, ameshika mkongojo ambao hakuwa anauhitaji. Kulia kwake bibi amesimama, kushoto mwanamke mwingine, amejifunga kanga vilevile kama bibi, mkono uko kwenye egemeo la kiti. Sisi wajukuu tulikua tukijua huyo ni mke mdogo. Hakuna mtu aliyetuambia, tulijua tu. Na hadithi tukawa nayo kamili: ametoka Pemba kwa jahazi, babu alimpata kwenye biashara ya karafuu, akafa bila mtoto. Binamu yangu mmoja alikuwa hata na jina lake.

Mwaka 2009 kwenye msiba shangazi yetu mkubwa akatusikia. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Yule ni dada." Kwisha. Pemba, jahazi, karafuu, vyote tulivitengeneza wenyewe kwa sababu ya picha moja ukutani.

Kwa hiyo mimi na jiwe la Erfurt tunaelewana.

#11 Bi Tatu

Mjukuu, hii imeniua. Jina alilompa binamu ni nani?

#12 Mjukuu wa Muheza

Mwanahawa.

#13 Mnazi Mkavu

Assalaam alaykum jamaa. Pemba mmeitia kwenye uzi pasi na kuulizwa, haya, nami nachangia.

Nyote mwazungumza binti wa Sultani wa hadithi, na wa kweli mnampita. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, kazaliwa Unguja 1844. Kapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani jirani yake, Heinrich Ruete wa Hamburg. Mwaka 1866 katoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza. 1867 kabatizwa Aden, kapewa jina Emily, na siku hiyohiyo kafunga ndoa, kisha safari ya Ujerumani.

Tazameni: binti wa Sultani, Mjerumani, kutoroka kwa chombo, ubatizo, ndoa. Kila kitu cha Gleichen kimo isipokuwa mke mkubwa. Na kuna jambo watu hawalijui: mumewe alipofariki 1870 kwa ajali ya tramu, alihamahama na wanawe, na mji mmoja alioishi ni Rudolstadt, huko huko Thuringia. Na kafia Jena, 1924. Jena nayo ni Thuringia.

#14 Mbeba Boksi wa Thuringia

#13 ahsante sana. Jena ni mwendo mfupi tu wa treni kutoka hapa. Nimepita Rudolstadt mara nyingi na sikuwahi kuunganisha hilo.

#15 Mtoro wa Kijiwe

Subirini. Kwa hiyo Wajerumani walikuwa wameisimulia hadithi ya binti wa Sultani kwa karne tatu, kisha binti wa Sultani mwenyewe akaja kuishi jirani na ngome zenyewe? Nimesisimka mwili.

#16 Mnazi Mkavu

Ila mwisho wake si Bonde la Furaha. Kabaki mjane wa watoto watatu, mali yake Unguja kanyimwa, kaja 1885 na manowari za Kijerumani kudai haki, karudi mikono mitupu. Kazikwa Hamburg na mchanga wa pwani ya kwao aliokuwa akiuhifadhi. Hadithi za Wazungu hupenda binti anapofika. Akishafika hawana habari naye.

#17 Shangazi Kaja

#16 umesema. Huyo binti wa hadithi mwenyewe hata jina hana, au nimepitwa?

#18 Seminari Nilikimbia

Kwenye simulizi za zamani hana. Jina la Melechsala alipewa na mwandishi Musäus wa Weimar kwenye miaka ya 1780, alipoigeuza hadithi kuwa ya kusomeka sebuleni.

#19 Bi Tatu

Miaka 550 hana jina! Hata Mwanahawa wa Muheza alipata jina mapema.

#20 Wakili Njaa

Nimechelewa, nilikuwa mahakamani. Mmeacha kitu kikubwa kabisa: hadithi hii inaonekana lini kwenye maandishi? Ukijua lini, utajua nani alinufaika.

Inaonekana mwaka 1539. Philip, mtawala wa Hesse, jirani wa Thuringia, mmoja wa nguzo za Waprotestanti. Alimwoa Christine wa Saxony tangu 1523, na sasa anamtaka binti wa miaka 17, Margarethe von der Saale. Bwana huyu hakutaka hawara, alitaka ndoa. Akatuma maelekezo kwa wanateolojia wa Wittenberg akiomba baraka, na kwenye hoja zake akaweka mfano: mbona Papa alimruhusu Graf wa Gleichen awe na wawili?

Martin Luther na mwenzake Melanchthon wakamjibu 10 Desemba 1539: kama huwezi kabisa kujizuia, fanya, lakini iwe siri. Christine aliridhia kwa maandishi. Ndoa ikafungwa 4 Machi 1540 Rotenburg an der Fulda, siri ikavuja mara moja, na ikawa kashfa kubwa, maana kwa sheria ya dola ya 1532 kuoa mke wa pili lilikuwa kosa la kifo.

Kwa hiyo mimi natazama kama wakili. Mteja ana shida, anatafuta kesi ya nyuma inayofanana na yake. Haipo kwenye vitabu, basi inapatikana kwenye jiwe.

#21 Kipara Ngoto

Wakili ametuletea motive. Sasa ni yeye au jiwe?

#22 Mbeba Boksi wa Thuringia

Hapana, #20 unaruka hatua moja. Philip asingetumia mfano ambao wanaousoma hawajawahi kuusikia, wangemcheka. Lazima hadithi ilikuwa inazunguka tayari kwa mdomo. Na kumbukeni Luther alisoma hapa Erfurt kuanzia 1501, akapewa upadre 1507 kwenye kanisa kuu hili hili. Miaka yote hiyo jiwe lilikuwa juu kilimani, dakika chache kwa miguu. Sisemi aliliona. Nasema mji mzima ulikuwa nalo.

#23 Wakili Njaa

Nakubali ilizunguka. Sikubali kwamba ilizunguka na Papa ndani yake. Toleo la Philip lenyewe ni tofauti na la Mtoro: Graf alienda kwenye Kaburi Takatifu, akadhani mkewe amekufa, ndipo akaoa mwingine. Sultani, bustani, kutoroka, hayo yanakuja baadaye. Mashahidi wakitofautiana hivi kwetu kesi inafutwa.

Na kwa faida ya kijiwe: Sheria ya Ndoa ya 1971 hapa Tanzania inatambua ndoa za aina zote mbili, ila ndoa ya Kikristo iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya mitala maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Ernst angekwama kwa msajili.

#24 Fundi Mninga

Bado nasubiri vipimo vya kitanda.

#25 Samaki wa Ziwa

#24 hawa watu hawakuheshimu kabisa 😂

#26 Mbeba Boksi wa Thuringia

Fundi, vipimo sina. Ninachojua ni kwamba kwa muda mrefu wageni wa ngome walionyeshwa kitanda kipana wakaambiwa ndicho. Hakipo tena.

#27 Fundi Mninga

Basi nimeelewa. Kitanda kikuu kipana kwenye ngome ya zamani si ajabu. Kule baridi, familia nzima inalala pamoja. Mwenye ngome akaona wageni wanakuja na hela, akawauzia hadithi. Mimi mwenyewe niliwahi kumuuzia mtalii kigoda nikamwambia cha chifu. Nilikitengeneza wiki ile ile.

#28 Bi Tatu

Fundi katubu hadharani.

#29 Samaki wa Ziwa

Okay mimi nimeenda kusoma kuhusu hizo castles. Naona zinaitwa Drei Gleichen, Zile Tatu Zinazofanana, na kwamba usiku wa 31 Mei 1231 radi ilizipiga zote tatu kwa mpigo zikawaka kama mienge mitatu, ndipo zikaitwa hivyo. Kwa hivyo hawa wote walikuwa family moja, Ernst na ngome tatu na wake wawili?

#30 Mbeba Boksi wa Thuringia

Hapana. Zipo tatu kweli, ukipita barabara kuu ya A4 unaziona juu ya vilima vyake, lakini hazifanani hata kidogo na hazikuwa za mtu mmoja. Iliyokuwa ya familia hii ni moja, Burg Gleichen, ya Wandersleben. Mühlburg imetajwa tangu 704, kabla hata ukoo wa von Gleichen haujasikika. Wachsenburg ilianzishwa na abasia ya Hersfeld. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo nzima, nyingine ni magofu. Burg Gleichen yenyewe ilishazingirwa na Kaisari Henry IV mwaka 1088, kwa hiyo ina historia nzito ya damu. Lakini nani anaiulizia? Wote wanauliza kitanda.

#31 Fundi Mninga

Nimeisikia hiyo.

#32 Kipara Ngoto

Mimi nimegugo "Gleichen" nikapata ngome mbili karibu na Göttingen, na familia ya von Uslar-Gleichen ambao bado wapo hadi leo. Kumbe kizazi cha Ernst kinaendelea! Tuwaulize wao wenyewe.

#33 Seminari Nilikimbia

Kipara, hao ni wengine kabisa. Gleichen za Göttingen ni vilima viwili vyenye ngome mbili, Altengleichen na Neuengleichen, mali ya mabwana wa Uslar. Von Gleichen wa Thuringia waliisha mwaka 1631, Graf wa mwisho Hans Ludwig akafa bila mrithi. Jina moja, ukoo tofauti.

Ila umegusa kitu kitamu bila kujua. Kwenye hiyo Altengleichen ya Göttingen, miaka ya 1770, afisa wa serikali alikuwa mshairi Gottfried August Bürger, yule aliyemtangaza Baron Münchhausen, bingwa wa hadithi za chumvi, kwa Wajerumani. Alimwoa Dorothea 1774, huku anampenda mdogo wake Dorothea, Auguste. Wakaishi watatu. Dorothea alipokufa 1784, Bürger akamwoa Auguste 1785, naye akafariki 1786. Gleichen nyingine, mwanaume mwingine, wanawake wawili tena.

#34 Shangazi Kaja

Dada wawili?! Hilo jina lina mkosi.

#35 Mnazi Mkavu

Dada wawili kwa pamoja kwetu haramu. Mmoja akifa, hapo lingine.

#36 Mtoro wa Kijiwe

Turudi kwenye mada kabla Kipara hajagugo tena. Tuna (a) jiwe la Mbeba Boksi, (b) wakili wa Philip, (c) fundi na biashara ya utalii. Kuna mwingine?

#37 Pwani si Kame

Niongeze (d), na samahani nitawavurugia wote.

Hadithi hii si ya Wajerumani peke yao. Hainaut, ambayo leo ni Ubelgiji, wana Gillion de Trazegnies. Simulizi yake iliandikwa kwa Kifaransa katikati ya karne ya 15, yaani kabla ya Philip wa Hesse kuzaliwa. Gillion anaenda Mashariki, anatekwa na Sultani wa Misri, binti wa Sultani Gracienne anampenda, anaambiwa mkewe amekufa, anaoa, anarudi, kumbe mke yu hai. Mwandishi anaanza kwa kusema aliona makaburi matatu kwenye abasia moja, ya mwanaume na wake zake wawili, akauliza ni akina nani.

Umeona? Makaburi tena. Na kule "nilidhani amekufa" ndiko kwenye toleo la Philip alilotaja #23. Kwangu hii ni hadithi inayosafiri. Inatafuta jiwe lenye watu watatu, ikilipata inatua.

#38 Mbeba Boksi wa Thuringia

#37 hilo sikulijua, shukrani. Lakini linaniunga mkono mimi: bila jiwe haitui.

#39 Wakili Njaa

Linaniunga mkono mimi. Bila mtu mwenye haja nayo haivuki mpaka.

#40 Pwani si Kame

Mnagawana maiti wakati mimi bado naongea.

#41 Mnazi Mkavu

Nami nina shaka na nyote. Mwasema "hadithi" kama kwamba jambo haliwezekani. Watu walitekwa kweli huko Sham na Misri, walikaa miaka, walioa, walizaa, wengine walirudi na wake. Mbona mnaona rahisi kuamini mchongaji wa jiwe kuliko mwanaume aliyerudi na mke wa ugenini? Papa labda waliongeza. Mke hapana.

#42 Seminari Nilikimbia

Hilo nalo siwezi kulipinga kabisa. Na niseme dhidi ya hoja yangu mwenyewe: Gregory IX aliijua Thuringia vizuri. Mjane wa yule Ludwig aliyefia Otranto ni Elisabeth, na Gregory ndiye aliyemtangaza mtakatifu mwaka 1235. Barua na wajumbe kati ya Rome na Thuringia zilikuwepo. Papa kama mhusika hajaokotwa hewani.

#43 Shangazi Kaja

Niseme na mimi jambo zito mara moja kisha nirudi kwenye utani wangu.

Wote mnajadili Papa, Graf, Philip, jiwe. Mke mkubwa hakuna aliyemuuliza. Christine wa Saxony aliridhia kwa maandishi, mnasema. Mke wa mtawala, kati ya kuridhia na kutoridhia, alikuwa na njia gani? Mama yangu aliletewa mwenzake 1987 na majirani mpaka leo wanasema "alimpokea vizuri sana". Alimpokea kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na yule dada alikuwa na mtoto mgongoni. Wakaja kupendana, ndiyo, walilima pamoja, walizika pamoja. Lakini hilo "alimkumbatia" lilichukua miaka 11, siyo dakika moja chini ya ngome.

#44 Bi Tatu

🙌🏾 Shangazi.

#45 Samaki wa Ziwa

Respect, #43. Nyanya yangu na mwenzake waliongea kupitia watoto mpaka mzee alipoaga. Baadaye wakawa hawawezi kulala bila kujuliana hali.

#46 Seminari Nilikimbia

#43 umenikumbusha Goethe, mwandishi wa Kijerumani. Aliandika tamthilia ya mwanaume na wanawake wawili, ikachapishwa 1776, na mke ndani yake anaisimulia hadithi ya Graf ili kuwashawishi wote wakae pamoja: nyumba moja, kitanda kimoja, kaburi moja. Watu walipiga kelele. Mwaka 1806 akabadilisha mwisho, wakafa wawili. Na mtunzi wa muziki Schubert alianza opera ya Graf von Gleichen 1827 ingawa wakaguzi wa Vienna walikuwa wameshayapiga marufuku maneno yake, akafa 1828 hajaimaliza. Kila anayejaribu kuimaliza kwa furaha anakwama.

#47 Kipara Ngoto

Nimegugo tena.

#48 Mtoro wa Kijiwe

Hapana Kipara.

#49 Kipara Ngoto

Ni picha ya jiwe tu jamani. Wanawake wote wawili nawaona sawasawa. Yupi ni binti wa Sultani?

#50 Mbeba Boksi wa Thuringia

Hapo ndipo penyewe. Wenyeji kila mtu anakuonyesha wake. Mzee mmoja aliniambia ni wa kushoto, mkewe aliyekuwa pembeni akasema ni wa kulia, wakaanza kugombana kanisani. Nikawaacha.

#51 Mjukuu wa Muheza

Wakuu, nimerudi na nina aibu.

Baada ya kuandika #10 nikampigia shangazi simu nimuombe aipige picha ya babu niiweke hapa, ushahidi wa hoja ya jiwe. Nikamweleza uzi wote, Wajerumani, kaburi, na jinsi alivyotuambia 2009 kwamba yule mwanamke ni dada yake babu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Nilisema ni dada. Sikusema dada wa babu yako."

Nikauliza, dada wa nani?

"Wa bibi yako."

Nikamuuliza, sasa alikuwa anafanya nini kwenye picha na mkono kwenye kiti? Akasema salio linaisha, na mambo mengine hayaongelewi kwenye simu, niende Idi.

#52 Mnazi Mkavu

Mwulize bibi alifariki mwaka gani na picha ilipigwa mwaka gani. Mambo yote yapo hapo.

#53 Mjukuu wa Muheza

Bibi yumo kwenye picha, mkuu.

#54 Shangazi Kaja

Mungu wangu.

#55 Wakili Njaa

Mjukuu, usiseme neno lingine bila wakili.

#56 Fundi Mninga

Muheza nauli shilingi ngapi kutoka Dar? Tumchangie aende kabla ya Idi. Na akifika apime kitanda.